Kepteni wa Koti la Njano

Plastiki ya zamani ina harufu yake. Si kama ya ndoo mpya wala ya kandambili. Ni tamu kidogo, kama dawa ya kikohozi iliyoachwa bila kifuniko, na ikikaa miaka mingi ndani ya nguo huchanganyika na harufu ya jasho la watu usiowajua. Mwezi uliopita nilifungua sanduku la bati la mama yangu, chumbani kwake Igogo, na harufu hiyo ikanifikia kabla sijaona kitu. Ikabidi nikae kitandani.

Mama alikuwa amezikwa wiki tatu kabla sijafika. Walinitafuta wakakosa pa kunitafutia. Mimi ni mtu wa kuhama. Leo niko kwenye machimbo, keshokutwa niko mpakani napakia malori, na namba zangu za simu hazidumu. Habari niliipata kwa dereva mmoja anayenifahamu, ambaye alinipa pole akidhani najua.

Ninyi wa rika langu mliokulia Mwanza miaka ile ya ruksa mtakumbuka makomandoo. Kabla ya hapo tulizoea duka lenye kiberiti, chumvi na sabuni ya kukata, basi. Halafu kama vile mtu kafungua mlango, kukawa na kila kitu, isipokuwa kwamba kila kitu kilikuwa kimeshatumiwa na mtu mwingine. Mama aliuza mitumba ya watoto. Robota lilipofika, alikata mikanda yake kwa koleo la baba, na nguo zikafumuka kama unga uliochacha, na vumbi lenye harufu ile likampanda usoni. Wanawake walirukia masweta. Mimi niliingiza mikono kwenye mifuko na kwenye miguu ya suruali, kwa sababu huko ndiko walikokaa makomandoo.

Walikuwa wanaume wa plastiki wenye urefu wa kidole cha kati cha mtu mzima. Viungo vyao vilikunjika magotini na viwikoni, mgongoni walikuwa na skrubu moja, na chini ya skrubu kulikuwa na maandishi madogo kama mayai ya chawa. Watoto wa Igogo wote waliwataka wenye bunduki. Mimi nilimtaka mmoja tu, mwenye ndevu na kofia ya baharia, tuliyemwita Kepteni. Wa kwanza niliyempata alikuwa na koti la kijani, na alikuwa ameachana katikati: kifua mkono huu, miguu mkono huu.

Baba ndiye aliyemtengeneza. Alikuwa fundi injini kwenye boti iliyopeleka barafu visiwani na kurudi na sangara wa kiwanda. Alikuwa na maneno machache, na bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka kwa kubeba injini tangu ujana, kiasi kwamba ukimwona kwa mgongo, hata kwa mbali, hukosei. Alimfungua Kepteni kwa bisibisi ndogo, juu ya kizingiti cha mlango, akanionyesha ndani.

"Kumbe hana kitu," nikasema.

"Ana mpira. Umeoza." Akatoa mfukoni kipete cha mpira cha kabureta, akakinyoosha, akakiingiza. "Huu utakuzika wewe."

Kepteni akasimama. Baba akampigia saluti, jambo ambalo sikuwahi kumwona akimfanyia mtu mwingine yeyote, akaenda zake kazini.

Kiwanda kile cha samaki kilikuwa na mzungu aliyetunza mitambo ya barafu. Alikuwa na mvi na tumbo, na kila Jumamosi alikuja sokoni kutafuta makomandoo. Mtu mzima, amepiga magoti kwenye vumbi, anapekua midoli! Wanawake walicheka mpaka wakashika meza. Mama alisema yule kwao hawakumnunulia, sasa ndiyo anajinunulia. Lakini mimi nilimfuata nyuma, maana alikuwa na kioo cha kukuzia, na mtu mwenye kioo cha kukuzia nilikuwa tayari kumfuata mpaka mwisho wa mji.

Hakutaka komandoo yeyote tu. Wale wa nchi ya kwanza kuwatengeneza, waliotoka wengi, aliwageuza mgongo akawarudisha. Alitafuta waliotengenezwa kwa ajili ya watoto wa nchi nyingine, mbali, ambao walitoka wachache na rangi zao zilikuwa tofauti. Alinifundisha kutazama skrubu, mshono wa ubavuni, na rangi ya macho. Alinifundisha kunusa, kwa sababu plastiki ya kila nchi inanuka kivyake. Nilimpa Kepteni wangu wa kijani amtazame. Akamgeuza mara moja.

"Huyu wengi sana," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha kazini, maneno yamewekwa kama matofali bila udongo.

Nikaanza kukusanya kwa sheria yake. Nilitoa makomandoo watatu wenye bunduki kwa mmoja mwenye maandishi nisiyoyajua, na wenzangu waliona nimerukwa akili. Nilikuwa na askari wa zambarau, na mpiga mbizi mwenye mwili wa kijivu wakati wapiga mbizi wengine wote wa mitaani kwetu walikuwa weusi. Niliwapanga dirishani, kila mtu na nchi yake nisiyoijua jina.

Halafu siku moja, kwenye mkono wa koti la mtoto, nikagusa ndevu. Nikamvuta. Alikuwa Kepteni. Uso ule ule, kofia ile ile, mkono wa kulia umekunjwa vile vile kushika kitu ambacho hakipo. Ila koti lake lilikuwa la njano, suruali ya bluu iliyokoza, na mgongoni maandishi mengine kabisa, yenye nukta na mikia juu ya herufi.

Mzungu alipomwona, alimpokea kwa mikono miwili. Alikaa chini kwenye rundo la nguo za mama, akaeleza kwa muda mrefu, na mimi nikaelewa hivi: kiwanda cha kwanza kilipomchoka Kepteni, kiliuza kalibu lake, lile umbo la chuma la kumwagia plastiki, kwa nchi nyingine. Huko wakamtengeneza upya kwa rangi zao na kumwandika maneno yao. Walipomchoka nao, wakaliuza kalibu kwa wengine.

"Mtu moja," alisema, akiinua kidole. "Nchi nyingine, nguo nyingine. Huyu hajui yule."

Akanitolea mpira wa miguu, wa ngozi, mpya, tubadilishane. Nikakataa. Mama alinitukana wiki nzima kwa sababu ya mpira ule. Mimi niliwasimamisha wale wawili dirishani, kijani na njano, nikawageuza watazamane. Nilidhani ningeona kitu kwenye nyuso zao. Hawakujuana.

Boti ya baba ilipinduka mchana, njiani kutoka visiwani, kwa upepo ambao waliorudi walisema haukuwa hata mkubwa. Watu walikuwa wanne. Wawili waliogelea wakaokolewa, mmoja alipatikana amekufa, na baba hakupatikana. Mwaka ule magugu maji yalikuwa yamefunika ziwa mpaka ungedhani unaweza kutembea juu yake, na watafutaji walikuwa wakiyainua kwa miti mirefu kama watu wanaofunua blanketi. Walisema siku ya tatu ataelea. Ikapita ya tatu, ikapita ya saba. Mama alifunga meza yake, akakaa mkekani na shuka kiunoni. Waombolezaji walikuja, wakanywa uji, wakaondoka, na hakuna aliyejua alie kwa namna gani, kwa sababu hapakuwa na maiti.

Nilikwenda kwa yule mzungu, getini kiwandani. Nilikuwa na Kepteni wa kijani mkononi, nimemshika tu kama mtoto anavyoshika kitu. Nikamwuliza, mtu akipotea, anarudi?

Alitazama mkono wangu. Leo najua alidhani nimepoteza mdoli. Akatabasamu kwa huruma.

"Anarudi. Wewe subiri. Mimi nasubiri moja miaka kumi na mbili, akarudi. Labda rangi nyingine. Lakini anarudi."

Ningependa kusema kwamba nilikuwa mdogo mno. Nilikuwa na miaka tisa, nilijua kusoma, nilijua kifo ni nini. Nilishamwona bibi wa jirani amelazwa na pamba puani. Lakini huyo alikuwa amelazwa. Baba hakulazwa popote. Na hapa alikuwepo mtu mzima, fundi kama baba, mwenye kioo cha kukuzia, aliyeniambia kwa upole jambo ambalo mikono yangu ilikuwa imeshalithibitisha dirishani.

Siku chache baadaye mama alinituma Mwaloni, Kirumba, kuchukua dagaa kwa mwanamke mmoja aliyekuwa akitusaidia. Boti za upande wa pili wa mpaka zilikuwa zinapakuliwa. Nikaona mgongo. Mtu alikuwa akipanda kutoka majini na gunia, bega la kushoto limeshuka, na alikuwa amevaa koti la njano, la mtumba, lile la mafundi wa ng'ambo, na mgongoni mwake kulikuwa na maandishi makubwa ya nchi nisiyoijua.

Sikushtuka. Hilo ndilo linalonitesa mpaka leo. Nilifurahi kama anavyofurahi mtu aliyepata kile kinachokosekana kwenye mkusanyiko wake. Nikamfuata mpaka alipotua gunia, nikamsalimu.

"Marahaba," akasema bila kugeuka vizuri, akifuta jasho kwa kiwiko. Lafudhi yake ilikuwa ya Wajaluo. "We mtoto wa nani?"

Nikakimbia. Sikuona haja ya kumtazama uso. Nyuso hupakwa rangi kiwandani. Nilichohitaji nilikuwa nacho: bega, koti, maandishi, na kwamba hakunijua.

Nilikaa na jambo hilo kama pipi shavuni, mpaka siku ya mgomba.

Kwa wasiojua: kwetu Ukerewe, katika ukoo wetu, mtu aliyechukuliwa na ziwa huzikwa kwa mgomba. Haiwezekani kaburi lisiwepo. Bila kaburi yeye hana pa kukaa, na mke wake hajulikani ni mke au ni mjane, hawezi kulia akamaliza. Basi tulipanda meli mpaka Nansio, tukatembea hadi kwa bibi, mama yake baba. Baba mdogo Magesa, aliyelingana na baba kwa kimo, alisimamishwa shambani, wakatafuta mgomba unaomfikia utosini. Wakaukata. Wakauvika shati la baba, lile jeupe la kanisani, vifungo vyote, na juu yake sanda. Ulipolazwa uani, utomvu ulikuwa umeshaanza kutokeza kifuani.

Kabla mgomba haujashushwa, mkubwa wa ukoo, na wakati ule alikuwa bibi, huuliza mara tatu kama yupo aliyemwona mtu huyo akiwa hai. Ni desturi tu. Huulizwa kama padri anavyouliza kama yupo mwenye pingamizi, na watu hunyamaza, na kazi huendelea. Maana kumzikia mgomba mtu anayepumua, walisema, ni kumwua huko huko aliko. Nilimsikia shangazi mmoja akimweleza hivyo mtoto wake, na nikamfikiria yule wa koti la njano.

Bibi akauliza. Kimya. Akauliza tena. Kimya.

"Yupo aliyemwona?"

"Mimi," nikasema. "Nimemwona Mwaloni."

Baba mdogo Magesa alichuchumaa mbele yangu, akanishika mabega.

"Pastory. Ulimwona nani?"

"Baba."

"Amevaa nini?"

"Koti la njano. Lina maandishi."

"Ulimsalimu?"

"Ndiyo."

"Akakwambia nini?"

"Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani."

Mama akatoa sauti ambayo sitaiandika. Bibi akakaa chini kwenye udongo uliofukuliwa. Kama ningesema alinikumbatia, alinipa pesa, aliniagiza salamu, wangejua ni ndoto ya mtoto. Lakini hakuna mtoto anayetunga uongo wa baba asiyemjua. Wakaanza kuongea wote kwa pamoja kwa sauti za chini: maji yalimwingia kichwani, amepigwa na mbao, wapo waliookotwa na boti za upande wa pili, wakakaa huko miaka bila kujua jina lao. Walikuwa wakijenga, tofali juu ya tofali, na mimi nilisimama nikitazama, na hakuna aliyeniuliza habari za makomandoo, na mimi sikujua kwamba hilo lilikuwa jambo la kueleza. Nilidhani watu wazima wanajua.

Kaburi likafukiwa tupu. Mgomba uliachwa nyuma ya jiko la bibi, na shati lake, maana hakuna aliyethubutu kuutupa wala kuukata. Siku ya tatu mama alikwenda peke yake akaufungua vifungo. Alilifua shati lile mara nyingi. Utomvu wa mgomba hautoki.

Walimtafuta zaidi ya mwaka. Baba mdogo alikwenda Musoma, akavuka mpaka, akarudi amekonda. Mama alirudi mezani kwake siku za kazi, na kila Jumapili baada ya misa alinishika mkono tukaenda Mwaloni, kwa sababu mimi ndiye niliyemjua kwa koti. Tulisimama penye mizani ya dagaa. Alikuwa amejipaka mafuta na kuvaa kitenge kizuri. Alisema kwa mtu aliyesahau, ni vizuri akuone ulivyokuwa.

Na yule mtu alikuja. Ilikuwa kama mwezi wa tatu tangu tuanze kwenda. Nililiona koti tangu majini. Akapanda na gunia, akapita karibu yetu kabisa, na jua lilikuwa usoni mwake. Alikuwa kijana. Alikuwa na mwanya, na alama ya kuungua shavuni. Bega lake lilikuwa limeshushwa na gunia tu. Alipolitua, likapanda likawa sawa na lenzake. Alimsalimu mama, kama mtu anavyomsalimu mwanamke aliyevaa vizuri. Mama akamwitikia bila kumtazama. Alikuwa akitazama nyuma yake, juu ya bega lake, akimtafuta mumewe.

Sikusema kitu. Nilijua pale pale, jua likiwa limesimama, dagaa wakinuka, na sikusema kitu. Jumapili iliyofuata tukaenda tena, nikasimama tena, nikajifanya natafuta. Tulikwenda Jumapili zote za mwaka ule.

Shuleni habari ilishafika. Watoto hawana huruma, na wale wa Igogo walikuwa hodari zaidi. Waliniita mtoto wa mgomba. Mwalimu akigeukia ubao, mmoja angeuliza kwa sauti ya upole, "Pastory, mzee keshatoa mkungu?" na dawati zima likatikisika. Mara ya mwisho nilimpiga mwulizaji kwa jiwe, damu ikatoka nyingi, nikatoka getini nikiwa darasa la tano na sikurudi. Watu hudhani niliacha kwa umaskini. Sikuwahi kuwakosoa.

Nilimwambia mama siku aliyovua kitenge kile akakiweka kwenye meza ya mitumba auze. Nilileta wale Kepteni wawili, nikawasimamisha mbele yake katikati ya fulana za watoto. Nikamweleza yote. Kalibu. Rangi. Kwamba huyu hajui yule. Ilichukua muda mfupi sana kueleza. Alisikiliza mikono ikikunja nguo, halafu mikono ikaacha.

"Yule mtu alikuwa na sura ya baba yako?"

"Hapana."

"Sauti?"

"Hapana."

"Ulimwona tena?"

"Alikusalimu," nikasema.

Hakunipiga. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa. Nilikuwa nimevaa suruali mbili. Alimchukua wa njano, akamgeuza, akayatazama maandishi ya mgongoni kwa muda mrefu kama mtu anayesoma barua.

"Huyu atakaa na mimi," akasema. "Na haya uliyoniambia, usimwambie mtu. Umesikia? Hata bibi yako."

Aliwaambia wazee kwamba amechoka kusubiri. Basi. Hakutaja makomandoo, hakunitaja mimi. Na wazee wakaelewa kama wanavyoelewa wazee: kwamba kapata mwanamume, anataka kufungua njia ya kuolewa. Shangazi zangu walimsema mbele yake, wakiwa wamekula chakula chake. Alinyamaza, wakachukulia kimya chake kuwa kukiri. Hakuwa na mwanamume, wala hakupata kuwa naye.

Wakakata mgomba mwingine. Safari hii hapakuwa na shati. Mama alisema limeharibika. Kabla ya kufungwa sanda nilipenyeza mkono nikaweka ndani Kepteni wa kijani, mwenye kipete cha kabureta, maana ndiye aliyemjua baba. Bibi akauliza. Yupo aliyemwona? Nyuso zote zikanigeukia. Mama alikuwa nyuma yangu, akaweka kiganja shingoni mwangu, hakunikaba, aliweka tu. Bibi akauliza mara ya pili na ya tatu, akanitazama mimi, karibu kwa kuomba. Nikatazama miguu yangu. Mgomba ukashuka.

Niliondoka Mwanza nikiwa na miaka kumi na tano. Nimefanya kazi nyingi, na popote nilipokaa nimeuliza maswali mpaka watu wakanichoka: jinsi dhahabu inavyoshikwa na zebaki, jinsi breki za lori zinavyopumua. Nilimtumia mama salamu, kisha salamu zikapungua, kisha nikaona aibu ya kuzianza tena, na aibu hiyo ikakua miaka kumi na zaidi. Niliwahi kumwuliza, zamani, Kepteni wa njano yuko wapi. Alisema amepotea.

Alikuwa ndani ya sanduku. Lilikuwepo shati jeupe limekunjwa, lenye doa la kahawia kifuani kubwa kama sahani, na yeye alikuwa mfukoni mwake.

Nilikuwa nimekaa naye hivyo, kitandani, baba mdogo Magesa alipoingia. Amezeeka, anatembea kwa fimbo. Alikataa kiti. Akasema kuna jambo lazima aniulize kabla hajarudi Ukerewe.

"Miaka minne nyuma tulikukatia mgomba," akasema. "Usikasirike. Hatukuwa na habari zako, tukasikia shimo limeua watu huko Geita, tukasikia wewe ulikuwemo. Bibi yako hayupo, sasa mwenye kuuliza ni mimi. Nikauliza mara mbili. Ya tatu, mama yako akasimama. Akasema, mimi nimemwona."

"Wapi?"

"Mwaloni. Kavaa koti la njano." Aliinamia fimbo yake. "Tukamwuliza, alikwambia nini. Akasema, alinisalimu tu. Hakunijua."

Nje watoto walikuwa wakigombania kitu. Nilikuwa Tunduma mwaka ule, kisha Mbeya. Sikuwa nimekanyaga Mwanza. Sijui kama alidanganya ili nisishushwe kaburini, au kama kweli alikwenda Mwaloni Jumapili moja, akaona mgongo wa mtu, akafanya kama nilivyofanya mimi.

"Ulikuwepo Mwaloni?" akauliza baba mdogo. "Nataka kujua. Shangazi zako mpaka leo wanasema alitudanganya."

"Nilikuwepo," nikasema.

Alinitazama. Hakuwa na hasira; hasira ingekuwa nafuu.

"Ukamsalimu mama yako mzazi, na hukumjua."

"Sikumjua."

Akatikisa kichwa, akashika fimbo, akatoka. Najua atalisema, na shangazi zangu watahamishia lawama kwangu, na zinanistahili.

Nikamgeuza Kepteni nisome yale maandishi yenye nukta na mikia. Hayapo. Skrubu ipo, na chini yake plastiki imelainika na kung'aa kwa kusuguliwa, ina bonde dogo linaloingia dole gumba sawasawa. Hata yule mzungu na kioo chake asingeweza tena kusema alitengenezwa kwa ajili ya watoto wa nchi gani.